Siku Tulipoizika Amri ya Weka

Nasikia mmeanza kuuliza. Barasa ameniambia kwamba kila mgeni anayeajiriwa pale ofisini, hata wiki haijaisha, anataka kujua kwa nini Kabati linakataa kuhifadhi hati mpaka uandike jina la mtu aliyekuwa karibu nawe. Mmoja wenu amependekeza nafasi hiyo iondolewe, eti ni uchafu wa wazee. Kwamba mimi ni mzee sibishi. Nimestaafu na barua ninayo. Lakini kabla hamjaigusa, kaeni niwaeleze, maana hata mimi niliwahi kuiondoa kwa mikono yangu miwili, na siku ile nilijiona nina akili sana.

Jina langu ni Athieno, wa Molo, upande wa Tororo. Nilifika Busia nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Vyeo nilivyopanda baadaye na walichonilipa haviwahusu. Siku ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Wandera, Msamia wa Buteba, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa kazini na mazishini bila kubagua. Hakunipa kiti. Alinyooshea kidole kabati la chuma, akasema, "Binti, niletee karatasi ya lori ya samaki."

Nikaileta. Akaitazama. "Na ile ya mbele ya hii?"

Nikarudi, nikaipata. "Na ile ya mbele ya hiyo?"

Nilikwenda mara saba. Katika karatasi ya kwanza lori lilibeba samaki wabichi. Katika ya pili, samaki wakavu. Ya nne ilisema ni chakula cha kuku, na ya saba ilisema lori ni tupu na dereva anarudi nyumbani kumzika shangazi yake. Lori lenyewe lilikuwa chini ya dirisha letu, linanuka samaki.

"Unaona," Mzee akasema, "lori ni ile ile, haijatoka hapo. Karatasi ndiyo inatembea. Kazi yetu ni kujua imetembea wapi na nani alikuwa anaishika."

Kompyuta ilipofika, Mzee aliamua kulihamisha kabati la chuma na kulitia ndani yake. Tulijifunza Java, lugha ya kuandikia programu, sisi wawili kwa kitabu kimoja, ambacho nusu ya mwisho ilikuwa imeliwa na mchwa. Sura ya kushughulikia makosa ilikuwa katika nusu hiyo. Kwa hiyo kwa mwaka mzima programu zetu hazikujua kukosea. Zilikuwa ama nzima ama maiti, na asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu zipi zimeamka.

Kabati, ndivyo tulivyoliita, halikuwa programu ya kufungua na kubonyeza. Lilikuwa maktaba, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu za ofisi nyingine huziita zifanye kazi. Ukibadilisha hati, programu yako inaliita Kabati, nalo linatunza toleo jipya bila kulitupa la zamani, na linakumbuka nani alibadilisha na lini. Zile amri ambazo mtu wa nje anaruhusiwa kuziita ndizo watu wa fani wanaziita API. Mimi niliwaambia makarani kwamba ni dirisha la kaunta: ndani huingii, lakini ukiagiza vizuri dirishani utahudumiwa.

Kuagiza vizuri ndiko kulikokuwa kugumu. Amri kuu iliitwa weka, na weka ilidai kuambiwa mambo kumi na tisa, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka hata moja. Ilitaka jina la hati, mwenye hati, namba ya lori, upande wa mpaka. Ilitaka hali ya hewa, kwa sababu Mzee aliwahi kuitwa kueleza wino uliochujuka na mvua akaapa hataeleza tena. Nafasi ya kumi na moja ilikuwa jina la aliyekuwa karibu wakati hati inabadilishwa. Ukiiacha tupu, weka ilikataa. Ukiandika "hakuna", ilikataa, na ukiandika "hakuna mtu" ilikataa vile vile, maana Mzee aliwajua watu wa mpakani na alikuwa amewatangulia.

"Mzee," nilimuuliza, "na kama kweli mtu yuko peke yake?"

"Atoke nje aite mtu."

"Kwa karatasi tu?"

"Binti, karatasi ikibadilika na hakuna mtu karibu, hiyo si kubadilika. Hiyo ni wizi."

Sheria zake nyingine zilikuwa mbili na fupi: karatasi ya mtu haipotei, na karatasi ya mtu haisomwi. Tuliweza kuona nje ya hati, yaani nani kaihifadhi na lini na alikuwa na nani, lakini ndani ilifungwa kwa nywila ya mwenyewe. Nimezishika sheria hizo mbili maisha yangu yote ya kazi, na nyie mtazishika.

Mzee alistaafu mwaka ule ule alipofiwa na mkewe, Mama Nabwire. Tulikwenda Buteba kumzika, ofisi nzima, tukala, tukaimba, tukarudi. Siku ya kumuaga Mzee nilimuuliza kama angependa kuondoka na kompyuta yake. Akasema ataichukua, ila nisimtafute kwa mambo ya Kabati tena, kuku watatagia ndani yake. Nikamwamini. Akanishika mkono akasema, "Usiache karatasi ya mtu ipotee." Buteba si mbali na Busia. Pikipiki inakufikisha kabla hujamaliza kubishana na dereva. Kwa miaka sita sikwenda hata mara moja, na sina sababu ninayoweza kuiandika hapa bila kuona haya.

Kisha ikaja kesi ya nyanya. Nafasi ya saba ya weka ilikuwa ya ndiyo au hapana: je, mzigo unaoza? Ya nane nayo ilikuwa ya ndiyo au hapana: je, mzigo ni wa hatari? Java haina macho. Kwake ndiyo ni ndiyo. Karani mmoja alizigeuza katika hati mbili za asubuhi moja. Lori la nyanya likazungushiwa utepe, watu wakakatazwa kuvuta sigara karibu nalo, na askari akasimama mbali kabisa akilichunga. Lori la mitungi ya gesi likapewa kivuli na kuombewa lipite upesi lisije likaharibika. Wenye nyanya walikaa kutwa nzima wakitazama mali yao inavyolindwa. Kilichoumia ni nyanya peke yake.

Barasa, ambaye leo ndiye mkubwa wenu, alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Ni mtu wa Busia ya Kenya, alivuka kila asubuhi kwa miguu, mkoba kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga. Akaisoma weka kuanzia juu mpaka chini, akavua miwani.

"Madam, hii si API," akasema. "Hii ni fomu ya polisi."

Alisema kweli. Tukaanza kupanga upya, na wale ambao hamjawahi kupanga upya maktaba inayotumiwa na watu wa pande zote mbili za mpaka, jueni kwamba ni kubadilisha msingi wa nyumba huku wapangaji wanakula. Tuliandika amri mpya, hifadhi, inayodai mambo matatu tu: hati, mwandishi, na sababu ya kubadilisha. Yaliyobaki ukitaka unayataja kwa jina lake, hayakai tena kwa foleni, na nyanya haziwezi kuwa baruti. Weka yenyewe tuliifanya tarishi: inapokea maombi ya zamani na kuyapeleka ndani. Tukafika nafasi ya kumi na moja. Barasa akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya wizi. Akasema siku hizi wizi unashikwa kwa nywila. Tukaifuta katika hifadhi, tukaagiza chai.

Java ina alama ya kuweka juu ya amri kusema hii imezeeka, msiitumie. Tukaiweka juu ya weka. Tukaongeza onyo jekundu, litokee chini ya skrini ya kila anayeiita. Onyo lilitokea kila siku kwa miaka mitatu na hakuna aliyehama. Nikavuka barabara kwa Mama Nekesa, wakala wa mizigo ambaye ofisi yake inatazamana na yetu, nikakuta amebandika plasta ya kidonda chini ya skrini yake.

"Hii maneno nyekundu ilikuwa nasumbua macho yangu," akanieleza.

"Ilikuwa inasema nini?"

"Sijui mama. Ilikuwa nyekundu."

Halafu mambo yakawa ya haraka. Toleo jipya la Java likang'oa kitu cha ndani kabisa ambacho weka ilikuwa imekiegemea tangu enzi za kitabu cha mchwa. Mashine zetu zilikuwa zihamie toleo hilo mwisho wa mwezi, mwezi ule ule niliokuwa nastaafu. Baada ya siku hiyo weka haitamjibu mtu, na hati zilizohifadhiwa kupitia kwake zitafungika moja kwa moja, isipokuwa mwenyewe aje na nywila yake kabla ya hapo tumhamishe. Kwa maneno mengine, nikishindwa kumpata hata mteja mmoja, karatasi ya mtu itapotea, na itapotea mikononi mwangu, siku yangu ya mwisho.

Tukatembea ofisi kwa ofisi, pande zote mbili za mpaka. Wote wakaapa wameshahama. Wengi walisema uongo, lakini hao angalau tuliwajua sura. Mmoja hatukumjua kabisa. Aliita weka kila Alhamisi saa tisa alasiri, mara moja tu. Hati yake ilikuwa moja, na alikuwa ameibadilisha zaidi ya mara mia tatu. Kwenye nafasi ya mwenye hati aliandika "Mwenyewe". Alipitia laini ya zamani ambayo ofisi nyingi ziliwahi kuigawana, kwa hiyo haikutuambia anakaa wapi.

Nikasoma nafasi yake ya kumi na moja, Alhamisi baada ya Alhamisi. Mwanzoni aliyekuwa karibu alikuwa jirani, katekista, mwenye pikipiki, mama wa maziwa. Baadaye majina yakapungua. Pakawa na Alhamisi ya "jogoo". Pakawa na "mbuzi" kwa miezi kadhaa, kisha "mvua", kisha mbuzi akatoweka kabisa. Miezi miwili ya mwisho ilikuwa "redio", "redio", "redio". Barasa akasema huyu ni mtu wa magendo mwenye ucheshi. Tulicheka mpaka tukashika meza. Nami nilicheka, naandika hapa mjue.

Nilibandika makaratasi kwenye kuta, nikatuma ujumbe, nikamwomba hata kiongozi wa stendi ya pikipiki awatangazie wenzake. Kimya. Mama Nekesa ndiye aliyenionea huruma. "Athieno, watu ya hapa hawasomi. Lakini nani anakosa matangazo ya vifo kwa redio?"

Nikapanda gari kwenda Tororo, kwenye stesheni ya redio. Karani wa matangazo alikuwa na fomu tatu: mkutano, mnyama aliyepotea, na kifo. Nikasema langu ni kama mkutano. Akasema mikutano inasomwa saa tano asubuhi na hata yeye haisikilizi. Vifo vinasomwa saa saba na saa moja jioni, na nchi nzima inanyamaza. Nikachukua fomu ya kifo.

"Jina ya marehemu?"

"Weka."

"Dhehebu?"

"Hana. Si mtu, ni amri ya kompyuta."

"Fomu hairuhusu hana." Akamfanya Mkatoliki, kwa sababu yeye mwenyewe ni Mkatoliki. "Jina ya baba?"

Nikamwambia hiyo aiache. Akanigeuzia fomu nione: nafasi ikiwa tupu, msomaji haruhusiwi kuisoma. Mimi niliyefundishwa kazi na Mzee Wandera ningebishana vipi na nafasi isiyokubali kuwa tupu? Nikasema, "Wandera, wa Buteba."

Ikasomwa hivi: "Kunatangazwa kifo cha Weka, mtoto wa Mzee Wandera wa Buteba, aliyefariki Busia kwa uzee. Ameacha mdogo wake Hifadhi na watu wengi waliomtegemea kazini. Mazishi ni Jumamosi saa nne, nyuma ya ofisi. Yeyote ambaye bado anamtumia marehemu afike bila kukosa." Niliisikia nikiwa natafuna muhogo na nikaona imekaa vizuri. Wazo la kwamba nimemtangazia mzee wa watu msiba halikunijia. Mtu akipanga upya kitu kwa miaka mitatu, kichwa kinazoea kuona majina peke yake.

Jumamosi nilitarajia makarani kumi na viti vya ofisi. Saa tatu uwanja wa nyuma ulikuwa na turubai mbili. Sijui nani aliziagiza mpaka leo. Akina mama wa sokoni walikuwa wamesimamisha masufuria ya maharage. Wabadilisha fedha walikuja na mashati meupe. Kutoka upande wa Kenya ulikuja ujumbe wa mawakala kumi na watano, na msemaji wao akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana madam. Kusema ukweli hatujashika marehemu ni nani. Lakini tukakaa chini tukasema, tukikosa hapa leo, siku yetu ikifika nanyi mtakosa."

Mama Nekesa alikuwa analia kweli kweli. Nikamnong'oneza kwamba ni amri tu. Akanijibu, "Najua. Nimefanya nayo kazi miaka mingi kuliko bwana yangu." Barasa, baada ya kuona hakuna njia ya kurudi nyuma, akachapisha msimbo wote wa weka, kurasa arobaini, akazipanga kwenye boksi la karatasi za printa na kulifunga kwa utepe. Katekista wa Busia, aliyekuja kuongoza sala, akauliza amsomee marehemu sala ipi. Wakakubaliana ya wafanyakazi.

Ndipo lori likaingia kutoka Buteba. Lilikuwa limejaa watu, wamesimama, wengine na matawi mikononi. Mbele, kando ya dereva, alishuka Mzee Wandera na koti lake la kahawia. Alikuwa amekonda. Akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Athieno," akasema. Miaka yote aliniita Binti. "Umetangaza mtoto yangu amekufa."

Nikapiga magoti.

"Watu wamejaa kwangu tangu juzi. Nikawaambia huyu ni programu. Wakasema pole Mzee, pole sana, wakawasha moto. Wamemaliza kuni yangu yote. Watu wamelala kwa uwanja yangu siku mbili, wananiimbia, mtu naniletea uji." Sikujua ni hasira au ni nini. Akaenda kuketi kwenye kiti cha baba wa marehemu, maana kilikuwa kimeshawekwa.

Sasa, nyie wageni wa huku, kuna jambo linalofanyika kabla ya udongo. Mkubwa wa mahali husimama na kuuliza kama kuna mwenye dai kwa marehemu. Anayesema wakati huo anasikilizwa na wote. Anayenyamaza, amenyamaza maisha. Mwenyekiti wa mtaa akasimama kando ya shimo lililokuwa limechimbwa karibu na ukuta, akavua kofia.

"Kama kuna mtu marehemu alikuwa anambeba," akasema, "mtu ambaye bila yeye atakwama, asimame aseme sasa. Udongo ikiingia, hatutaki kelele."

Yale ambayo onyo jekundu lilishindwa kwa miaka mitatu yakatokea kwa muda wa chai moja. Akasimama Mama Nekesa. Wakasimama makarani saba walioniapia kwa watoto wao kwamba wameshahama. Akasimama msemaji wa Kenya mwenyewe, akiangalia viatu. Barasa alikuwa na kompyuta magotini, anawahamisha mmoja mmoja, kila mtu anakuja kuchapa nywila yake huku wenzake wamegeuza nyuso kwa adabu. Nikahesabu. Wote tuliowajua walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mwenyekiti akainua mkono kuruhusu udongo.

"Bado," Mzee Wandera akasema, akasimama. "Mimi."

Nikasema, "Mzee, si ulisema kuku wanatagia ndani yake?"

"Kuku nimewapa boksi. Kompyuta iko kwa kitanda, upande ya Nabwire."

Akawaeleza watu, si mimi. Redio ilipomtangaza Mama Nabwire, ilisoma jina vibaya na kupanga watoto ovyo, na wa pili kuzaliwa haikumtaja. Ndipo Mzee akasema tangazo la kifo chake yeye ataliandika mwenyewe, na analihifadhi kwenye Kabati ili siku ikifika lisomwe toleo la mwisho. Kila Alhamisi analisoma, anaona amemsahau mtu, anamwongeza. Mtu akigombana naye, anamshusha chini. Wakipatana, anampandisha.

"Lakini weka inauliza nani alikuwa karibu," akasema. "Mimi ndiye nilimwandika hivyo, kichwa ngumu. Basi natoka nje, naita mtu. Anakuja, tunakunywa chai, naandika jina yake. Kisha huyu anahama, yule anakufa, katekista anapelekwa mbali. Natembea mpaka barabarani, sipati mtu. Nikaandika jogoo. Nikaandika mbuzi. Mbuzi nayo ikauzwa."

Watu walicheka pale kwenye mbuzi. Kisha wakaacha.

"Sasa naandika redio, kwa sababu redio ndiyo ilikuwa karibu." Akamgeukia Barasa. "Hii mpya yenu, hifadhi, inauliza nani alikuwa karibu?"

Barasa alinitazama, nami nikatazama boksi. "Haiulizi, Mzee," akasema. "Tuliona haina kazi."

"Sawa," Mzee akasema. "Basi sitatoka nje tena." Akakaa.

Wale watu wa Buteba walikuwa wameinamisha vichwa, wote waliojaza lori. Mimi nilikuwa nakumbuka vile nilivyocheka nimeshika meza. Miaka sita, na pikipiki inafika kabla ubishi haujaisha. Nililia mbele ya watu wote, kwenye mazishi ya kurasa arobaini, na akina mama wakanishika wakidhani ni kawaida ya msiba.

Mwenyekiti akauliza kama tuzike au tusizike. Barasa akasema, "Ngojeni," akafungua tena kompyuta. Udongo uliahirishwa. Chini ya turubai, watu mia wakitazama na maharage yakipoa, tuliiongezea hifadhi nafasi ya nne. Barasa alipendekeza iwe ya hiari, na kwa ufundi alikuwa sahihi.

"Hiari hapana," Mzee akasema. "Ikiwa hiari, mimi ndiye wa kwanza kuiruka."

Ikawa ya lazima, kwa kila mtu, kila hati, pande zote mbili za mpaka. Tukamwita Mzee ahamishe tangazo lake. Akachapa nywila, akajaza hati, mwandishi, sababu. Kwenye nafasi ya nne akaanza kwa mazoea kuandika redio, na hifadhi ikamkatalia. Nilikuwa nimemwambia Barasa aongeze redio, mvua, mbuzi na jogoo kwenye orodha ya yasiyokubalika, pamoja na hakuna na hakuna mtu. Mzee akainua macho, akatazama wale wote waliomzunguka. Akauliza nafasi ile inapokea herufi ngapi.

Tulilazimika kuipanua. Watu wa Buteba walipanga foleni kuandikwa mmoja mmoja, na wa Kenya wakaingia nyuma ya foleni, maana hawakutaka kuachwa. Hilo ndilo jibu la swali lenu lingine, la kwa nini nafasi ya nne inakubali herufi nyingi kiasi kile. Weka tukaizika saa nane, kando ya ukuta, na maharage yakapashwa.

Nilistaafu wiki mbili baadaye. Hakuna karatasi iliyopotea. Siku hizi Alhamisi nakwenda Buteba, na wiki nisiyoweza kuna zamu, majirani wameipanga na wanagombania. Kwenye tangazo lake nilianza karibu na mwisho, baada ya mwenye kinu. Sasa niko mstari wa tatu, na Mzee anasema nisijisahau, anaweza kunishusha.

Kwa hiyo msiiguse nafasi ya nne. Ikiwachelewesha, mwiteni mtu mnywe naye chai. Kama mko peke yenu, tokeni nje.

Haya nimeyaandika Buteba, Alhamisi kadhaa, kwenye ile kompyuta ya upande wa Mama Nabwire. Mzee amesimama nyuma yangu anasoma, ingawa sheria ya kutosoma ni ya kwake mwenyewe. Anasema nimemfanya azungumze vibaya, na kwamba koti si la kahawia. Nimebonyeza, na hifadhi inaniuliza nani alikuwa karibu. Nimeandika Wandera. Anasema niongeze Mzee.